Juu ni Wapi

Walishuka kumi na wanne, mwalimu wao wa kumi na tano,
kila mmoja na koti jipya, lebo bado inaning'inia,
na karatasi ya maswali iliyopigwa chapa kusini.
Tuliwalaza ukumbi wa michezo, chini ya goli la kikapu.
Hawakupata usingizi: jua la mwezi wa tano huku kwetu
halina adabu, huchungulia dirishani hata usiku wa manane.

Mimi nililipwa kuwa mkalimani. Dola ishirini kwa saa,
na chakula juu. Chakula chenyewe ni cha bibi yangu.

Siku tatu kazi ilikuwa nyepesi, kama kubeba manyoya.
Anasema sili huyu aliuawa jana.
Anasema hapana, uma wa nini?
Anauliza nani amekufunga skafu vibaya namna hii.
Wakacheka, nikacheka, Bibi Ulluriaq akacheka mwisho,
amepiga magoti sakafuni kwenye katoni iliyokunjuliwa,
kisu chake cha nusu mwezi kikitembea ndani ya nyama
bila kuuliza njia.

Siku ya nne dhoruba ikafunga uwanja wa ndege.
Ratiba yao ilikuwa imekwisha. Maswali yalibaki.
Oksana, binti mwenye chunusi na sauti ya chini,
akasoma la saba:
Kumbukumbu yako ya kwanza ni ipi?

Bibi akafuta kisu pajani, upande huu, kisha upande huu.
Akasema. Nami nikafungua mdomo kutafsiri,
nikaukuta mtupu.

Miaka kumi na tisa nimelala chumba kimoja na kikohozi chake,
nalijua goti linalomuuma upepo ukigeuka,
najua anaficha wapi sukari.
Sikujua alikuwa na kaka.

"Anasemaje?" mwalimu akauliza, polepole.

Anasema kulikuwa na meli.
Anasema ilileta madaktari na biskuti.
Walipiga picha za vifua, watu wazima na watoto,
na waliokutwa na kifua kikuu hawakurudishwa ufukweni
hata kuchukua viatu.
Anasema yeye alikuwa na biskuti mkononi.
Putulik alipunga mkono kutoka juu,
naye akadhani kaka anamwomba, akaila upesi.
Anasema —
ngojeni kidogo.
Anasema alipelekwa mji wenye moshi wa viwanda vya chuma.
Barua moja ilikuja. Kisha hazikuja.

Kalamu ya Oksana ikasimama. "Huo ni mji wetu," akasema.
Hilo sikulitafsiri. Uso wake ulikuwa umeshatangulia.

Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Sijui kama alipona. Alikata kipande cha ini, akala,
akaomba daftari la yule binti
na kwa mwandiko wetu akaandika jina:
alama tatu, na ya nne ndogo, imeinuliwa
kama mtoto aliyebebwa mabegani.

Oksana akaligeuza daftari hivi, akaligeuza vile.
"Juu ni wapi?"
Nikamweleza: hapa juu ni nusu ya neno.
Pindua alama ya kwanza kidogo tu, pu inakuwa pi,
na huyo utakayemtafuta kwenye mawe ya makaburi
atakuwa kaka wa mtu mwingine.

Akachora mshale pembeni. Akaongeza wa pili.

Ndege ilikuja siku ya saba, ikawachukua na koti zao,
sasa zinanuka mafuta ya sili.
Bibi hakutoka nje; alisema ana mkate jikoni.
Hakukuwa na mkate. Nilinusa.

Nilimwona Oksana kupitia kidirisha cha duara.
Wenzake walikuwa wakipunga mikono yote miwili.
Yeye hakupunga. Alilishika daftari mapajani, limenyooka,
kwa viganja viwili,
kama mtu aliyepakatishwa bakuli la supu
na gari linaanza kwenda.